Vibuyu vya Mganda na Fidla za Madras



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaoufungua ukurasa huu kila wiki, Jumapili iliyopita wengi wenu mlinisimamisha baada ya Misa ya pili mkitaka kujua kisa cha ugomvi uliotokea kwenye mazoezi ya kwaya. Haukuwa ugomvi. Ni mimi niliyemwomba mpiga kinanda wetu azime ile midundo iliyomo ndani ya kinanda, kisha nikamwomba akae kimya kwa mapigo manane mazima huku wengine wakiimba, na kijana wa watu akadhani nimemfukuza. Tumekwisha kuzungumza, na yamekwisha. Hata hivyo naona ninalo deni la kuwaeleza kwa nini padre wenu, asiyejua kupiga chombo chochote zaidi ya kengele, ameanza kujiingiza katika mambo ya kupanga vyombo. Kisa chenyewe ni kirefu kidogo, tena kinapitia India.

Mwaka 2005 nilikuwa masomoni Roma. Katika chumba cha jirani aliishi padre mmoja kutoka Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India. Jioni, kabla ya Masifu, alikuwa na desturi ya kuufungua muziki wake kwa sauti ya chini, nao ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilipomwambia kwamba muziki wa sinema za Kihindi tunaujua sana kwetu, kwamba vijana wa Songea na Mbinga wamekua wakiziangalia, aliniangalia kwa huruma. Akasema, “Ndugu yangu, hizo ni za Mumbai, na lugha yake ni Kihindi. Sisi ni Watamil. Lugha yetu ni nyingine, waigizaji wetu ni wengine, na studio zetu ziko Chennai, mji uliokuwa ukiitwa Madras.” Nikanyamaza. Ni kama mtu anayemwita Mmatengo Mngoni kwa sababu wote wametoka Ruvuma.

Mwaka huohuo ilitoka sahani moja ya muziki ambayo rafiki yangu aliipokea kwa posta na kuikumbatia kama mtoto. Ilikuwa Thiruvasakam. Maneno yake ni sala za Manikkavasagar, mtakatifu wa Kihindu wa karne ya 9, na Watamil wana msemo kwamba mtu asiyeyeyuka moyo kwa Thiruvasakam hatayeyuka kwa neno lolote jingine. Aliyetunga muziki ni Ilaiyaraaja, mtunzi wa muziki wa sinema, naye aliurekodi pamoja na okestra kubwa ya Budapest, huko Hungaria. Na aliyesimama nyuma ya mradi ule kwa kuutafutia fedha na kuusukuma hadi mwisho alikuwa padre Mkatoliki, Jegath Gaspar Raj. Sala za Mhindu, okestra ya Hungaria, padre wa Kanisa letu! Nikavutiwa kwanza na jambo hilo, kabla hata ya kuusikiliza muziki wenyewe.

Kisha nikausikiliza. Nakiri kwamba si yote yaliyonigusa. Sehemu za Kiingereza zilizotiwa humo, kazi ya Stephen Schwartz wa Marekani, zilinipita kama matangazo ya uwanja wa ndege. Lakini palikuwa na mahali ambapo sauti ya mwimbaji ilibaki karibu peke yake, imechoka, inaomba, na fidla zote zile, makumi ya fidla, hazikuifuata. Zilingoja. Ilipomaliza ndipo zikasema jambo lao, nalo halikuwa marudio ya wimbo bali jibu. Sikuwahi kusikia vyombo vikimsikiliza mwimbaji kwa namna ile.

Rafiki yangu alifurahi, akaamua kunisomesha. Akanisimulia kwamba Ilaiyaraaja alizaliwa mwaka 1943 katika kijiji cha Pannaipuram, katika familia ya watu wadogo. Kaka yake, Pavalar Varadarajan, alikuwa na kikundi cha waimbaji kilichozunguka vijijini, naye mdogo mtu akazunguka nacho miaka mingi, akipiga na kuimba kwenye mikutano na sherehe. Alipofika Madras alijifunza muziki wa Kizungu kwa mwalimu aliyeitwa Dhanraj, akasoma nota, akamsoma Bach. Mwaka 1976 akapewa filamu yake ya kwanza, Annakili. Wakati ule mitindo ya mjini ndiyo iliyokuwa ikitamba, naye akaingia na nyimbo za kijiji: nyimbo za wanawake wa mashambani, zilizovikwa okestra bila kuvuliwa udongo wake. Nchi nzima ya Watamil ikaimba. Tangu hapo amepanga muziki wa filamu zaidi ya 1,000, na watu wake humwita Isaignani, yaani mwenye hekima ya muziki.

Wale waliofanya kazi naye wanasimulia kwamba huketi asubuhi na karatasi, akaandika sehemu za vyombo vyote moja kwa moja bila kuzijaribu kwenye kinanda, kisha wanakili huzigawa kwa wapigaji na wimbo kurekodiwa siku hiyohiyo. Kwa kasi hiyo haiwezekani kila kazi iwe dhahabu. Zimo nyimbo zake za miaka ya 1980 ambazo ngoma zake za umeme leo zinasikika kama mabati yanayogongwa, na rafiki yangu alinuna kila nilipomwambia hivyo. Lakini zile zilizo nzuri! Nitajaribu kueleza ninachokisikia humo, nanyi wanakwaya mnisamehe pale nitakapokosea majina ya kitaalamu.

Kwetu, kinanda hufuata sauti ya kwanza nota kwa nota, kama mtoto aliyeshika khanga ya mama yake sokoni. Katika nyimbo za Ilaiyaraaja, besi haishiki khanga ya mtu. Inatembea njia yake, mara inapanda mwimbaji anaposhuka, mara inasimama pale ulipotazamia iendelee, na ukiisikiliza peke yake unagundua kwamba nayo ni wimbo. Halafu kuna vile vipande vya vyombo vitupu katikati ya beti. Sisi hurudia kipande kilekile baada ya kila ubeti, na mara nyingi hata hatujui tulikitoa wapi. Yeye, baada ya ubeti wa kwanza, huleta jambo moja, na baada ya ubeti wa pili huleta jingine kabisa, kwa sababu, nadhani, mtu aliyekwisha kuimba ubeti wa pili si yuleyule aliyeimba wa kwanza. Filimbi ya mwanzi inaingia peke yake kama mchungaji anayevuka bonde, fidla zinaitikia kutoka mbali, ngoma ya kijiji inagusa kidogo na kuacha, kisha sauti ya binadamu inarudi na unaona kwamba maneno yaleyale yamebadilika uzito.

Katika filamu ya Nayakan, ya mwaka 1987, upo wimbo mmoja mfupi wa huzuni unaorudi mara kwa mara, tangu utoto wa mhusika hadi kifo. Wimbo haubadiliki. Kinachobadilika ni mavazi yake. Nilipoiona filamu ile, bila kuelewa neno la Kitamil, nililia mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akisema lolote. Na mwaka 1986, katika sahani isiyo ya sinema iliyoitwa How to Name It?, alichukua kazi ya Bach ya fidla moja na kuifanya izungumze na fidla ya Kihindi, kila moja kwa lafudhi ya kwao, na hakuna iliyomcheka mwenziwe.

Lakini nimefika mahali ambapo nalazimika kusimulia jambo langu mwenyewe, nami nimelichelewesha makusudi.

Jioni moja rafiki yangu alinionyesha filamu ya mwaka 1985 iitwayo Sindhu Bhairavi, ya mwongozaji K. Balachander. Mhusika mkuu ni mwimbaji bingwa wa muziki wa kale wa India ya kusini, mtu mwenye heshima na kiburi kinacholingana na heshima hiyo. Siku moja, katikati ya tamasha lake, msichana anasimama kati ya wasikilizaji na kumwuliza kwa nini haimbi kwa Kitamil, lugha ya watu walioketi mbele yake. Bwana mkubwa anamwambia aje aimbe yeye basi. Msichana anaanza na wimbo wa kijijini, wimbo wa mtu asiyekwenda shule. Watu wanatabasamu. Kisha, bila kubadilisha mwendo, wimbo ule unageuka polepole hadi unaingia ndani ya utunzi mtakatifu wa Thyagaraja, na unatambua kwamba ngazi ya sauti ilikuwa moja tangu mwanzo. Wa kijijini na wa hekaluni walikuwa ndugu wa tumbo moja. Ilaiyaraaja ndiye aliyewapatanisha, kwa kupanga sauti tu.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimekumbuka mwaka 1998.

Mwaka huo nilikuwa padre kijana, paroko msaidizi katika parokia moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee mmoja mvuvi, mrefu, mwenye sauti ya nne iliyoweza kutikisa benchi. Alikuwa ametunga wimbo wa matoleo kwa ajili ya Misa ya mavuno, na siku tatu kabla ya sikukuu alikuja na vijana sita wenye vibuyu.

Wale wa mwambao mnajua ninachokisema. Kwa wasiojua: mganda ni ngoma ya wanaume wa Ziwa Nyasa, na ng’ambo ya pili wenzetu wa Malawi wanayo pia, huiita malipenga. Ilienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Babu zetu walikuwa wameziona na kuzisikia bendi za jeshi, nao wakarudi kijijini na gwaride, sare safi, vyeo, na hamu ya tarumbeta. Tarumbeta za shaba hazikuwepo. Wakachukua vibuyu, wakavikata, wakavitoboa tundu na kulifunika kwa utando mwembamba wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti hutoka ikivuma kama shaba. Kibuyu kikubwa kilishika nafasi ya tarumbeta nene, kidogo nafasi ya ile nyembamba, na ngoma kubwa ikashika mwendo. Profesa Terence Ranger aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, juu ya beni na ngoma za jamii hiyo katika Afrika ya Mashariki. Nilikisoma baadaye sana. Wakati ule niliona vibuyu tu.

Mzee alinieleza mpango wake. Wanawake wangeimba kwanza peke yao, taratibu, kama wanaoingia kutoka ziwani. Vibuyu visingeimba nao. Vingeitikia kila baada ya mstari, kwa chini, kila ukubwa na sauti yake, na ngoma kubwa isingepigwa hata mara moja hadi ubeti wa mwisho. Nilisikiliza jaribio moja. Nakumbuka kwamba nywele za mikono yangu zilisimama. Nakumbuka pia kwamba tulikuwa na wageni kutoka Ulaya wanaokuja kwenye sikukuu ile, nami nikaogopa kuchekwa. Nikamwambia kwamba mganda ni wa uwanjani, kwamba altareni hatuleti mambo ya ngoma, na kwamba kinanda kipya kingetosha.

Akaviweka vibuyu chini mmoja mmoja. Akasema, “Haya, Baba. Wewe ndiye uliyesoma.”

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi Roma, kwa sababu sikuwa nimesoma. Ni kweli kwamba Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alikataza ngoma kanisani, na piano vilevile, jambo ambalo wapenda vinanda hulisahau. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Na mwaka huohuo wa 1963, Padre Stephen Mbunga, padre wa hapahapa Peramiho, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, yeye ambaye pia alitunga Misa Baba Yetu. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa sauti za Kiganda. Mlango ulikuwa wazi kwa miaka 35. Mimi nikaufunga, tena kwa niaba ya wageni ambao hawakuniomba.

Ndiyo maana nikisikia habari za Ilaiyaraaja nasikia aibu na shukrani pamoja. Yule mtoto wa kijijini angeweza kukutana na mtu kama mimi mlangoni pa studio. Angeambiwa kwamba nyimbo za mashambani ni za mashambani. Na mzee wangu wa mwambao alikuwa anafanya kazi ileile: kuamua nani aimbe, nani angoje, nani ajibu, na ngoma kubwa ifiche sauti yake hadi lini. Hiyo ndiyo kupanga okestra. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na karatasi na fidla za Madras, mwingine alikuwa na vijana sita na utando wa buibui.

Niliandika barua kutoka Roma mwanzoni mwa 2006. Nilimwomba radhi, nikamwomba pia aandike mpango wa vibuyu au amsimulie mtu auandike kwa solfa. Jibu lilikuja kutoka kwa binti yake. Mzee alikuwa amezikwa wiki mbili kabla ya barua kufika.

Niliporudi nchini nilikwenda. Binti yake anaukumbuka wimbo wote, beti zake nne, kwa sababu alikuwa sauti ya kwanza siku ile ya jaribio. Vijana wa vibuyu wametawanyika, wawili wamefariki dunia, mmoja inasemekana yuko Malawi. Yale majibu ya vibuyu hakuna ayajuaye. Mimi mwenyewe ninakumbuka kwamba vilikuwa vya ukubwa wa aina tatu, na kwamba baada ya mstari wa pili kibuyu kikubwa kilishuka mahali ambapo nilitazamia kipande. Basi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka zaidi, usiku hasa, malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapopita na kunguruma kwa sauti inayokaribiana na ile, lakini kumbukumbu ile haiendi mbele ya hapo.

Tarehe 8 Machi 2025 Ilaiyaraaja, akiwa na umri wa miaka 81, aliwasilisha simfonia yake iitwayo Valiant jijini London. Rafiki yangu wa Roma, ambaye sasa ni paroko kama mimi, alinitumia ujumbe usiku uleule. Aliandika tu: “Mtoto wa Pannaipuram!” na alama kumi za mshangao. Nilimjibu kwamba nami nimeamua kufanya jambo kabla sijazeeka kupita kiasi.

Jambo lenyewe ndilo lile lililoleta kisa cha mazoezini. Kwaya yetu itauimba wimbo wa mzee kwenye Misa ya mavuno mwaka huu. Hatuwezi kuyarudisha majibu ya vibuyu, wala sitaki mtu ayabuni na kumsingizia marehemu. Tutakachofanya ni kuuheshimu mpango: wanawake waimbe kwanza peke yao, na baada ya kila mstari pawepo nafasi. Hayo ndiyo mapigo manane niliyomwomba kijana wetu wa kinanda. Akaniuliza, na swali ni zuri, “Sasa Padre, hapo katikati watu watasikia nini?” Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilimwalika nyumbani, nikampa spika zangu za kusikilizia masikioni na ile sahani ya 2005. Alikaa nayo barazani hadi giza likaingia. Alipoondoka aliniomba ruhusa ya kuichukua. Jana alinieleza kwamba amepata njia ya kukifanya kinanda kishike sauti moja tu ya chini, kwa upole, katika ubeti wa tatu pekee. Tutaisikia.

Binti wa mzee, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, atafika Jumatano kwa gari la Lituhi, naye atakaa kwa masista hadi Jumamosi ili awafundishe akina mama wimbo kama alivyoufundishwa na baba yake. Nawaomba wazee mliohamia huku Ruanda kutoka mwambao, hasa mliowahi kucheza mganda: kama yupo kati yenu aliyehifadhi kibuyu, hata kilichopasuka, au anayekumbuka namna ya kuufunga ule utando, tafadhali apite ofisini kwangu kabla ya Alhamisi. Mazoezi yanaanza saa kumi jioni. Kinanda kitakuwepo.